Mbolea Unayoweka Shambani Inaamua Punje Itabeba Nini

Mwezi wa saba, saa moja asubuhi, simu yangu iliita. Alikuwa kijana mmoja wa kikundi chetu cha shamba darasa. Msimu ule ndiyo kwanza alikuwa amelima ekari 12 za mahindi kibiashara. Alikuwa amekaa na lori nje ya ghala la mnunuzi, mzigo umekataliwa. Walichoma bambo kwenye magunia, wakachukua sampuli, wakapima, wakamwambia sumukuvu imezidi kiwango, ageuze gari.

"Mtaalamu, niambie ukweli," akasema. "Ni hizi mbolea mlizotuambia tuweke? Baba yangu amelima miaka yote bila mbolea, hajawahi kurudishiwa hata debe moja."

Swali hilo nimelisikia mara nyingi. Wako wakulima wanaoamini kwamba mbolea ya dukani inaharibu mbegu na kuleta sumu. Wako na wengine wanaoamini kwamba ukimwaga mifuko ya kutosha, mahindi yakawa ya kijani kibichi, basi kazi imeisha. Leo nataka tukae tulijibu vizuri, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama lori lako litashusha mzigo au litageuza.

Punje ina wakazi wake

Tuanze na jambo ambalo wengi hatukufundishwa. Punje ya mahindi haiko peke yake. Juu ya ganda lake na ndani yake, hata karibu na kiini kinachoota, kuna bakteria na kuvu wadogo wasioonekana kwa macho. Wengine wametoka kwa mmea mama, wengine wameingia kutoka kwenye udongo, hewa na wadudu.

Wengi wao hawana madhara, na baadhi ni marafiki wa kweli. Kuna bakteria wanaosaidia mche kuota kwa nguvu, wapo wanaosaidia kuyeyusha fosforasi iliyogoma kwenye udongo, na wapo wanaopigana na kuvu wabaya. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba baadhi ya bakteria wa ndani ya mbegu za mahindi ya kisasa wanapatikana pia kwenye mbegu za teosinte, yaani magugu ya huko Meksiko ambayo ndiyo babu wa mahindi. Maana yake, wakazi hawa wamesafiri na mbegu kizazi hadi kizazi, kwa maelfu ya miaka.

Lakini kwenye nyumba hiyohiyo wapo pia wabaya. Wawili ndio wanaotunyima usingizi sisi wa mahindi.

Wa kwanza ni *Aspergillus flavus*. Huyu anaishi kwenye udongo na mabaki ya mazao. Mbegu zake hupeperushwa na upepo, zikatua kwenye ndevu za hindi changa na kuingia kwenye punje. Ndiye anayetengeneza aflatoksini, sumu inayoharibu ini.

Wa pili ni *Fusarium verticillioides*. Huyu anaweza kukaa ndani ya mbegu, akaota na mche, akapanda ndani ya bua mpaka kwenye gunzi, na wewe mkulima usione dalili yoyote. Mmea ukiwa na nguvu, anakaa kimya. Mmea ukichoka, anaamka. Sumu yake inaitwa fumonisini.

Sasa, mbolea inaingiaje hapo? Inaingia kwa sababu mbolea ndiyo chakula cha mmea, na hali ya mmea ndiyo inayoamua ni wakazi gani watastawi.

Njaa ndiyo inayofungua mlango

Nilipomfikia yule kijana nilimwomba anieleze shamba lake kipande kwa kipande. Ekari nane za bondeni aliziwekea DAP ya kupandia na UREA ya kukuzia, mfuko mmoja mmoja kwa ekari. Hela ikaisha. Ekari nne za juu, zenye kichanga, hakuweka kitu. Akasema moyoni, "Zitajitegemea." Mvua za mwezi wa pili zikakata wiki tatu, mahindi ya juu yakawa ya njano kuanzia majani ya chini, magunzi yakatoka madogo yenye mapengo.

Bondeni alipata magunia 112, juu magunia 20. Bahati nzuri kamba ya mkonge ilikuwa imemwishia, magunia ya juu akayashona kwa uzi wa bluu. Tukaweza kuyatenganisha. Tukapeleka sampuli mbili tofauti maabara. Ya bondeni ilirudi salama. Ya uzi wa bluu ndiyo iliyokuwa na sumu.

Shamba la mtu mmoja si utafiti, na kipande kile kilikuwa na kiu na njaa kwa wakati mmoja. Lakini yaliyompata yanafanana na yanayojulikana kwa muda mrefu. Watafiti wa North Carolina, Marekani, walionyesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba mahindi yenye upungufu wa naitrojeni hupata aflatoksini nyingi zaidi kuliko yaliyolishwa vizuri. Ukiongeza joto na ukame wakati wa kutoa ndevu na kujaza punje, hali inakuwa mbaya zaidi.

Sababu yake inaeleweka. Mmea wenye njaa unashindwa kujenga punje ngumu iliyojaa. Mizizi yake ni mifupi, kwa hiyo mvua ikikatika siku kumi tu, unasikia kiu kabla ya wengine. Maganda yanakuwa mafupi, hayafuniki ncha ya gunzi, wadudu wanatoboa, na kila tundu la mdudu ni mlango wa kuvu.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa kijana wetu lilikuwa hili: mdogo wangu, mbolea haikukuletea sumu. Sumu imetoka pale ambapo hukuweka mbolea.

Na ona jinsi sehemu ndogo inavyoharibu kubwa. Tuseme magunia yale 20 yana aflatoksini ppb 100, na yale 112 yana ppb 2 tu. Ukichanganya, wastani unakuwa karibu ppb 17. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni ppb 10 kwa aflatoksini zote, na ppb 5 kwa ile kali zaidi inayoitwa B1. Mzigo wote unarudi, kwa sababu ya sehemu moja kati ya saba. Na kwa tani zake 13.2, kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa ni gramu 0.13 za sumu kwenye lori zima, kiasi kidogo mno. Huwezi kuiona wala kuinusa, na kuipika hakuiondoi.

Kuzidisha nako kuna bei yake

Sasa usikimbilie dukani ukaongeze mifuko mara mbili. Upande wa pili nao una mashimo.

Naitrojeni ikizidi, hasa ikichelewa, mmea unaendelea kuwa wa kijani wakati wenzake wanakauka. Bua linakuwa refu na laini, upepo ukipiga linalala, gunzi linagusa udongo, na udongo ndiyo nyumbani kwa kuvu. Hatari hii ni kubwa zaidi pale naitrojeni ni nyingi na potasiamu ni kidogo, kwa sababu potasiamu ndiyo inayosaidia bua kusimama na kupambana na uozo. Sasa jiulize: DAP ina naitrojeni na fosforasi. UREA ina naitrojeni peke yake. Potasiamu iko wapi? Haipo. Na sehemu kubwa ya potasiamu ya mahindi inabaki kwenye mabua. Ukiuza mabua yote kwa wafugaji kila mwaka, unauza potasiamu ya shamba lako bila kuiandikia risiti.

Kuna na hili la vijidudu wa udongo. Mizizi ya mahindi inafanya ushirika na kuvu wazuri wanaoitwa mikoriza. Wanatandaza nyuzi zao mbali kuliko mzizi unavyofika, wanaleta fosforasi na zinki, mmea unawalipa sukari. Ukimwaga fosforasi nyingi kila msimu bila kupima udongo, mmea unaona hauna haja ya kuwalipa, ushirika unalegea, na zinki inayofika kwenye punje inapungua. Punje inaweza kuwa kubwa na bado ikawa maskini wa zinki, madini ambayo mtoto anayekula ugali anayahitaji akue.

La tatu ni uchachu. Mbolea zenye amonia, kama SA, zikitumika miaka mingi bila chokaa, zinashusha pH. Huko Rothamsted, Uingereza, kuna jaribio la mbolea kwenye majani ya malisho, linaitwa Park Grass, limeanza mwaka 1856 na linaendelea mpaka leo. Vipande vilivyopewa salfeti ya amonia bila chokaa vimeshuka hadi pH chini ya 4. Udongo mchachu namna hiyo unafukuza bakteria wengi wazuri. Hujafika huko, lakini wenzetu wa nyanda za juu wenye mvua nyingi wako njiani kama hawapimi.

La nne liko siku ya kupanda. Mbolea ikigusana na mbegu inaichoma. DAP na UREA zinatoa amonia, na UREA ndiyo kali zaidi. Mche unaotoka na majeraha ni chakula cha kuvu za udongo. Mkulima analalamika mbegu feki, kumbe mbegu ilikuwa nzima, ameiunguza mwenyewe.

Hesabu ya chakula cha punje

Ngoja nikupe hesabu ndogo, maana kilimo biashara ni hesabu. Punje ya mahindi ina protini karibu asilimia 9, na naitrojeni ndiyo inayoijenga. Kwa hiyo kila gunia la kilo 100 linaondoka na naitrojeni karibu kilo 1.4. Ukivuna magunia 14 kwa ekari, umeuza karibu kilo 20 za naitrojeni. Hapo hatujahesabu iliyoko kwenye mabua na iliyopotea.

Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za naitrojeni. Mfuko wa UREA una kilo 23. Jumla 32. Unaona sasa kwamba mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa ekari si anasa. Usipoweka, naitrojeni itatoka kwenye akiba ya udongo, na akiba ikiisha punje inakuwa ndogo, nyepesi, yenye protini kidogo. Mnunuzi anayesaga unga anaiona kwenye mizani na kwenye kinu.

Lakini usidanganyike pia kwamba protini ikipanda basi lishe imekamilika. Protini inayoongezwa na naitrojeni kwenye mahindi ya kawaida kwa sehemu kubwa ni ile iitwayo zeini, ambayo ina upungufu wa laisini. Ugali bado unahitaji maharage pembeni.

Ufanye nini msimu huu

1. Pima udongo kabla ya mvua. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 za kila kipande, kina cha sentimita 20, changanya, peleka nusu kilo maabara. TARI Mlingano, Tanga, ndicho kituo cha taifa cha utafiti wa udongo, na afisa ugani wako atakuelekeza maabara iliyo karibu. Kipande cha bondeni na cha mlimani visiwe sampuli moja.

2. Lima unachoweza kukilisha. Hela ikitosha ekari nane, lima nane. Ekari nane zilizoshiba ni biashara, kumi na mbili zenye njaa ni bahati nasibu. Mtaka yote hukosa yote.

3. Mbolea ya kupandia iwe mbali na mbegu. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, kizibo kimoja cha soda cha DAP, kama gramu 5, kinatosha. Weka mbolea, fukia kwa udongo wa sentimita 5, ndipo mbegu. UREA usiiweke kwenye shimo la mbegu kabisa.

4. Mbolea ya kukuzia igawe mara mbili. Nusu mahindi yakiwa na majani sita mpaka nane, nusu kabla ya kutoa mbelewele, udongo ukiwa na unyevu. Mvua ikikata mapema, umeokoa nusu ya hela. Fukia UREA. Ukiiacha juu ya udongo mkavu inapaa hewani. Mbelewele zikishatoka, usikimbilie kuongeza kwa sababu umeona njano.

5. Rudisha samadi iliyooza vizuri. Ukanda huu una mifugo mingi, na samadi inalala kwenye maboma. Inaleta potasiamu, zinki kidogo, inashika maji na inalisha vijidudu wazuri. Isiwe mbichi: mbichi inaunguza na inakuja na mbegu za magugu. Samadi na mbolea ya dukani si maadui, zinafanya kazi pamoja vizuri kuliko kila moja peke yake.

6. Dhibiti viwavijeshi na hifadhi maji. Makinga maji na matuta yaliyofungwa yanapunguza kiu, na kiu ndiyo rafiki mkubwa wa *Aspergillus*.

7. Kama eneo lako lina historia ya sumukuvu, fikiria Aflasafe TZ01, iliyosajiliwa Tanzania mwaka 2018. Kazi yake ni kumtumia kuvu dhidi ya kuvu. Ni punje za mtama zilizopakwa *Aspergillus flavus* wa hapa nchini wasio na uwezo wa kutengeneza sumu. Unatawanya kilo 4 kwa ekari wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Wanawahi nafasi, wenye sumu wanakosa pa kukaa.

8. Kausha. Haya yote ni bure kama utarundika mahindi mabichi. Anika kwenye turubai, siyo chini, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, tikisa dakika tatu, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda, usishangilie bado, azima kipimo uhakikishe 13.5.

9. Kila kipande kiwe na magunia yake. Yaandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Uzi wa bluu ulimwokoa mwenzetu kwa bahati, wewe fanya kwa makusudi.

Na mbegu ya kesho?

Kama unapanda chotara, nunua mbegu mpya kila msimu, yenye lebo ya TOSCI. Kama unatumia aina za kurudia kama Staha au TMV1, chagua mbegu kutoka mimea yenye afya iliyo katikati ya kipande kilicholishwa vizuri. Usichukue magunzi ya kipande cha njano ukasema "ya kula tutauza, haya madogo tutapanda." Fusarium wa ndani ya punje hizo anasubiri msimu tu. Kabla ya kupanda, otesha punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku saba. Zikiota chini ya 80, au zikitoka na ukungu, tafuta mbegu nyingine.

Kwa nini nasisitiza

Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 20 walipoteza maisha kwa aflatoksini iliyokuwa kwenye mahindi ya nyumbani kwao. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja hiyohiyo ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikaruhusu, lakini kwa masharti, ikiwemo cheti cha kuonyesha aflatoksini haizidi ppb 10. Soko limeshahamia huko, halitarudi nyuma.

Yule kijana aliuza magunia yake 112 wiki iliyofuata. Yale 20 ya uzi wa bluu tuliyateketeza. Alitaka kuwapa kuku, nikamkatalia. Akataka kumpa ng'ombe wa maziwa, nikamwambia sumu hiyo inapita kwenye maziwa, itamrudia mtoto kwenye kikombe. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia kitu ambacho sikukitegemea: gunia la ishirini na moja la uzi wa bluu lilikuwa jikoni kwa mama yake, limeshaanza kusagwa. Tulilifuata jioni ileile.

Na yale maneno kwamba baba yake hakuwahi kurudishiwa hata debe? Ni kweli, hakuwahi. Lakini wakati wa baba yake hakuna aliyekuwa anapima.

Msimu huu amelima ekari nane. Zote zimekula.